Eksirei, infraredi au redio? Kuchagua njia ya kuyasaka mashimo meusi yaliyofichika kwenye galaksi za mwanzo

Katika kundinyota la Sextans kuna kipande cha anga kiitwacho COSMOS. Ukubwa wake ni digrii 2 za mraba hivi, na karibu kila darubini kubwa duniani na angani imeshakipiga picha. Ndani yake imo galaksi yenye jina lisilo na mvuto hata chembe: COS-87259. Mwanga wake unaotufikia leo ulianza safari ulimwengu ukiwa haujatimiza miaka milioni 800. Mwaka 2022 Ryan Endsley na wenzake walisema wanashuku kuna shimo jeusi kubwa limejificha humo, na mwaka 2023 vipimo vya ALMA, darubini ya madishi 66 iliyoko nyanda za juu za Chajnantor nchini Chile, vikathibitisha umbali wake. Galaksi hiyo inazaa nyota zenye jumla ya masi ya Jua 1,300 kwa mwaka, ina vumbi lenye masi ya Jua bilioni 2, na katikati yake kuna shimo jeusi linalokadiriwa kufikia masi ya Jua bilioni 1.6, ikiwa linakula gesi kwa kasi inayokaribia kikomo chake. Lile lililo katikati ya galaksi yetu, Njia Nyeupe, lina milioni 4 tu.

Kinachonikosesha usingizi si ukubwa wake, ni mahali lilipopatikana. Kwasari za wazi, yaani mashimo meusi ambayo gesi yanayoimeza inang'aa bila pazia, zenye nguvu kama hiyo na za enzi hiyo hiyo, ni adimu mno: ni za kusakwa kwenye eneo kubwa sana la anga. Hili lilipatikana kwenye digrii 1.5 tu za mraba za COSMOS zilizochunguzwa. Labda Endsley alipata bahati ya mtende, au kwa kila moja linaloonekana yako mengi nyuma ya pazia. Roberto Gilli na wenzake walipiga hesabu mwaka 2022 kwa kuangalia jinsi galaksi changa zilivyosheheni gesi, wakafikia kwamba katika miaka bilioni ya kwanza kati ya asilimia 80 na 90 ya mashimo haya yanafichwa na galaksi zao zenyewe.

Basi kazi ipo, na ni nyingi. Data zake zimewekwa wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Mwanafunzi wa fizikia anayetafuta mada ya uzamili, au mtu mzima mwenye laptopu na subira, anaweza kuingia uwanjani bila kuomba hata saa moja ya darubini. Swali ni aingilie mlango gani: eksirei, infraredi (mwanga wa joto usioonekana kwa macho) au redio?

Msimamo wangu nautoa mapema ili usije ukasoma ukidhani nitazungukazunguka. Usichague njia kwa kuuliza ipi inaona mbali zaidi, kwani zote zinafika. Uliza ipi inakosea kwa namna ambayo wewe unaweza kuivumilia. Eksirei hukosea kwa kunyamaza: shimo lipo, yenyewe haisemi kitu. Infraredi hukosea kwa kusema sana: inakuonyesha shimo kumbe ni nyota na vumbi. Redio haisemi mara nyingi, lakini ikisema kwa sauti kubwa kiasi fulani, ubishi huisha.

Mapazia ni mawili, si moja

Watu husema shimo "limefunikwa na vumbi na gesi" kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja, na ukilichanganya hili utachagua vibaya.

Vumbi huzuia mwanga wa kawaida na wa urujuanimno. Infraredi hulipita, hasa ile yenye mawimbi marefu. Tena vumbi lililo karibu na shimo hupashwa moto hadi digrii 1,500 hivi za Kelvin, na likizidi hapo linateketea. Kwa hiyo vumbi lenyewe huwaka kwa infraredi, na pazia linageuka kuwa taa. Gesi nayo ina tabia tofauti. Ndiyo inayomeza eksirei, hasa zile laini, yaani zenye nguvu ndogo. Wanaastronomia hupima pazia la gesi kwa kuhesabu atomi za hidrojeni kwenye kila sentimita moja ya mraba kuelekea kwenye shimo. Zikizidi 1 ikifuatiwa na sufuri 22, shimo linahesabiwa kuwa limefichika. Zikipita mara 1.5 ya 1 yenye sufuri 24, pazia linaitwa nene kwa kipimo cha Compton: hata eksirei kali zinagongana na elektroni na kutawanyika kabla ya kutoka.

Redio hupita vyote viwili kama havipo.

Kwa hiyo eksirei inakupa habari za gesi, infraredi inakupa habari za vumbi, na shimo linaweza kuzingirwa na gesi tele bila vumbi la kutosha. Ishike hiyo, kwa sababu mbele kidogo inaleta kizaazaa.

Eksirei: ushahidi mzito, fotoni za kuhesabu vidoleni

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna haki ya kujivuna kidogo hapa. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, na setilaiti ikapewa jina Uhuru. Orodha yake ilikuja kufikia vyanzo 339. Ndiyo iliyoonyesha kwamba Cygnus X-1 inapepesa kwa kasi ya ajabu, jambo lililowaongoza watu kwenye shimo jeusi la kwanza kukubalika kwa upana. Aliyekuwa nyuma ya mradi huo, Riccardo Giacconi, tayari mwaka 1962 alikuwa ametambua kwa roketi kwamba anga lote lina mng'ao hafifu wa eksirei. Mng'ao huo ndio uliokuja kutoa hoja ya mwanzo ya mashimo yaliyofichika: nguvu yake inafikia kilele kwenye kiloelektronivolti 30 hivi (kipimo cha nguvu ya eksirei), na mashimo ya wazi peke yake hayawezi kuutengeneza kwa umbo hilo. Lazima yawepo mengine nyuma ya gesi nzito.

Leo chombo kikuu ni Chandra, iliyorushwa Julai 1999. Uzuri wake kwa galaksi za mbali ni zawadi ya umbali wenyewe. Ulimwengu unapotanuka, mwanga unaosafiri hurefuka mawimbi na kupungua nguvu. Huo ndio mhamo mwekundu. Kwa galaksi yenye mhamo wa 6.5, kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, inafika ikiwa na nguvu iliyogawanywa kwa 7.5. Chandra inapopokea kiloelektronivolti 0.5 hadi 7, kwa kweli inapokea zile zilizotoka kule zikiwa na takriban 4 hadi 52. Hizo ni eksirei kali, zile zenye uwezo wa kupenya gesi. Kwa galaksi za jirani ungehitaji NuSTAR, chombo maalumu cha eksirei kali kilichorushwa 2012. Kwa galaksi za mwanzo, ulimwengu umekufanyia kazi hiyo bure.

Tatizo ni uchache. Angalia kwasari PSO167-13, yenye mhamo wa 6.515. Mwaka 2019 timu ya Fabio Vito ilitangaza kwamba huenda ndiyo ya kwanza ya enzi hiyo kuonekana ikiwa imefichika sana. Chandra iliitazama kwa saa 16, ikapata fotoni tatu. Tatu! Zote zilikuwa za nguvu ya juu, na hakukuwa na hata moja laini. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja, kwamba gesi imemeza laini zote. Ni hoja nzuri, na iliandikwa kwa uangalifu. Kisha wakaitazama tena kwa muda mrefu zaidi, na katika matokeo ya 2021 kwasari haikuonekana kabisa kwenye data mpya. Sasa niambie: pazia limekuwa zito zaidi, au shimo lenyewe lina eksirei dhaifu, au zile tatu zilikuwa nusu bahati? Hapo ndipo mwanafunzi wa eksirei anapoishi. Ukichagua njia hii, takwimu za idadi ndogo ndizo zitakuwa mkate wako. Asiyeupenda mgawanyo wa Poisson asisogee.

Upande wa pili wa sarafu ni galaksi UHZ1. Hii iko nyuma ya kundi la galaksi Abell 2744, ambalo mvutano wake hufanya kazi ya lenzi na kuikuza mara nne hivi. Chandra ililitazama eneo hilo kwa jumla ya wiki mbili, na Ákos Bogdán na wenzake wakapata fotoni kama 20 za nguvu ya juu mahali pale pale ilipo galaksi. Mhamo wake ni 10.1, miaka milioni 470 hivi baada ya Mlipuko Mkuu. Spektra (mwanga uliochambuliwa kwa rangi zake) ya darubini ya James Webb ilitoa umbali, eksirei zikatoa shimo: masi ya Jua kati ya milioni 10 na milioni 100, karibu sawa na nyota zote za galaksi hiyo zikijumlishwa. Uwiano huo haupatikani kwa majirani zetu, ambako shimo huwa sehemu ndogo sana ya galaksi. Ndiyo maana matokeo yale ya 2023 yalitia nguvu wazo kwamba mashimo mengine hayakuanzia kwenye nyota iliyokufa, yalianzia kwenye wingu zima la gesi lililojikunja.

Shida ya kiutendaji: Chandra imezeeka. Uchafu umejikusanya kwenye vichujio vya kamera yake kwa miaka na kuififisha kwa eksirei laini. Kwa mashimo ya mbali yaliyofichika hasara ni ndogo kuliko kwa kazi nyingine, lakini ukilinganisha picha za 2000 na za 2022 bila kusahihisha jambo hilo, utapata "mabadiliko" ambayo hayapo. Programu yake, CIAO, ni bure na ina mafunzo mazuri ya hatua kwa hatua. Kwa laptopu ya kawaida inatosha.

Infraredi: wingi, na mashaka yanayokuja na wingi

James Webb ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021, na kioo chake cha mita 6.5 kimebadilisha mchezo. Kwa kulinganisha, Spitzer, darubini ya infraredi iliyotangulia, iliyoigundua infraredi ya COS-87259 kwenye mikroni 24 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, hapa kipimo cha urefu wa wimbi), ilikuwa na kioo cha sentimita 85. Ndiyo kusema iliweza kuiona kwa sababu tu galaksi ile ni jitu. Webb inawafikia wa kawaida.

Kifaa cha kutazama ni MIRI, kinachopokea mikroni 5 hadi 28. Fanya hesabu mwenyewe: vumbi la moto karibu na shimo hung'aa vizuri kwenye mikroni 2 hivi na kuendelea. Kwa mhamo wa 7 zidisha kwa 8, unapata 16, MIRI inaona. Kwa mhamo wa 10 zidisha kwa 11, unapata 22, na hapo joto la darubini yenyewe linaanza kuharibu picha. Kwa hiyo MIRI ni hodari hadi mhamo wa 7 au 8, kisha inaanza kuhema. Hili halisemwi vya kutosha kwenye habari za magazeti, ambako Webb "inaona kila kitu".

Mavuno yake lakini ni makubwa. Timu ya Jianwei Lyu wa Chuo Kikuu cha Arizona ilichukua eneo dogo la anga ya kusini, ikalinganisha mwanga wa kila galaksi kwenye vichujio vya MIRI, ikapata mashimo 217 yanayokula au yanayoshukiwa kula. Mengi hayakuwa kwenye orodha yoyote ya awali, na eneo lenyewe ndilo lililotazamwa na Chandra kuliko sehemu nyingine yoyote ya anga! Mengi yao si ya enzi ya kwanza kabisa, ila somo liko wazi: eksirei zilikuwa zimeyapita bila salamu.

Sasa mashaka. Galaksi inayozaa nyota kwa fujo nayo ina vumbi, nayo inang'aa kwa infraredi. Kutenganisha mwanga wa nyota na wa shimo hutegemea modeli unazochagua: vumbi la aina gani, nyota za umri gani, shimo lenye umbo gani la mwanga. Watu wawili wenye data zile zile na programu mbili tofauti wanaweza kutoa asilimia tofauti za mchango wa shimo. Nimeona majedwali ya namna hiyo yakipishana kiasi cha kumfanya mtu acheke. Kwa hiyo ukichagua infraredi, nusu ya kazi yako itakuwa kujihoji mwenyewe, na sura ya tatu ya tasnifu yako itakuwa ndefu.

Mlango wa pembeni ni spektra za NIRSpec, kifaa kingine cha Webb. Badala ya kutafuta joto la vumbi unatafuta mistari ya atomi zilizovuliwa elektroni nyingi, mfano neoni iliyopoteza elektroni nne, kazi ambayo nyota za kawaida haziiwezi. Vumbi likifunika kitovu, gesi ya mbali kidogo bado inamulikwa na kusema ukweli. Tahadhari moja: michoro ya zamani ya kutenganisha nyota na mashimo kwa mistari ya oksijeni na nitrojeni ilitengenezwa kwa galaksi za karibu. Galaksi changa zina elementi nzito chache, na michoro hiyo huchanganyikiwa.

Nukta nyekundu zinazovuruga hesabu

Hapa ndipo kizaazaa nilichokitaja kinapoingia. Webb ilipoanza kazi, ilikuta kwenye karibu kila picha ya kina vinukta vidogo vyekundu. Jina la "nukta ndogo nyekundu" lilishika baada ya makala ya Jorryt Matthee na wenzake ya 2024. Mistari yao ya hidrojeni imetanuka, kama gesi inayozunguka kitu kizito kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde. Rangi yao ni nyekundu upande mmoja na buluu upande mwingine. Kila mtu akasema: haya ndiyo mashimo yaliyofichwa na vumbi tuliyokuwa tukiyatafuta.

Watafiti wakarundika picha za Chandra za nukta nyingi pamoja, ili hata mwanga hafifu ujitokeze. Karibu patupu. Wakaangalia MIRI kutafuta vumbi la moto. Mwingi wa mwanga uliotarajiwa haukuwepo. Wakarundika picha za redio, kimya.

Milango yote mitatu imefungwa, na kitu bado kiko ndani! Maelezo yanayopata nguvu ni kwamba nyingi kati yao hazijafunikwa na vumbi, bali na gesi nzito iliyolizingira shimo kwa karibu sana. Gesi hiyo humeza eksirei, hulipatia shimo wekundu wake, na haina vumbi la kuwaka kwa infraredi. Wengine wanasema eksirei ni dhaifu tangu mwanzo. Wengine wanadai mistari imetanuka kwa sababu ya elektroni zinazotawanya mwanga, wala si kasi ya mzunguko, na hivyo masi za mashimo haya zishushwe, pengine hadi mara mia. Kwa upande mwingine, nukta moja iliyokuzwa na lile lile kundi la Abell 2744 na kuonekana mara tatu, A2744-QSO1, imepimwa kwa mzunguko wa gesi inayolizunguka shimo, na mwaka 2025 jibu lilikuwa takriban masi ya Jua milioni 50.

Ukitaka mada ambayo inabadilika kila mwezi, hii hapa. Lakini kwa mwanafunzi wa uzamili ninaweka alama ya hatari: unaweza kuandika sura ya kwanza mwezi wa tatu, ukaikuta imepitwa na wakati mwezi wa tisa. Msimamizi wako awe mtu anayesoma makala mpya kila asubuhi, la sivyo chagua kitu kingine.

Redio: kwa wenye subira, na kwa walio Afrika

Redio haijali vumbi wala gesi, na kwa hilo peke yake ingepaswa kuwa mshindi. Haishindi kwa sababu tatu.

Kwanza, ni shimo moja kati ya kumi hivi lenye redio kubwa. Tisa hubaki hafifu. Pili, nyota zinazozaliwa na kufa nazo hutoa redio, kwa hiyo nukta hafifu ya redio haithibitishi chochote. Ni ikizidi mno kile ambacho nyota zingeweza kutoa ndipo unaposema "hapa kuna shimo". COS-87259 ilipita mtihani huo, tena kwenye darubini tatu za redio: VLA ya Marekani, LOFAR ya Ulaya na MeerKAT ya Afrika Kusini. Tatu, mwanga uliobaki wa Mlipuko Mkuu, ambao leo ni baridi na hafifu, enzi hizo ulikuwa mkali. Msongamano wa nguvu zake hupanda kwa kipeo cha nne: kwenye mhamo wa 7 ni 8 mara 8 mara 8 mara 8, yaani mara 4,096 ya leo. Elektroni za kwenye mapovu makubwa ya redio yanayopulizwa na shimo hupoteza nguvu zao kwa kugongana na mwanga huo badala ya kutoa redio. Mapovu hufifia, unabaki na kitovu tu.

Kisha kuna ukungu wa picha. MeerKAT ina madishi 64 ya mita 13.5 katika jangwa la Karoo, ina uwanja mpana kuliko Mwezi mpevu kwa mbali, lakini ukali wa picha zake ni kama sekunde 5 hadi 9 za tao (sekunde moja ya tao ni digrii moja ikigawanywa kwa 3,600). Chandra inafika nusu sekunde, na Webb iko chini ya hapo sana. Ndani ya nukta moja ya MeerKAT Webb inaweza kukuonyesha galaksi kadhaa, na ni juu yako kusema ni ipi inayopiga kelele.

Pamoja na hayo yote, ningekuwa na umri wa miaka ishirini na mbili leo, nikiwa Nairobi au Dodoma, redio ningeiangalia mara mbili. Utafiti wa MIGHTEE wa MeerKAT umetoa data zake kwa takriban digrii 20 za mraba, COSMOS ikiwemo. Kenya ni mojawapo ya nchi nane washirika za Afrika kwenye mradi wa SKA, darubini kubwa ya redio inayojengwa Afrika Kusini na Australia, ambao sehemu yake ya Karoo itakuwa na madishi 197, yale 64 ya MeerKAT yakiwa ndani yake. Anayejifunza leo kusafisha picha za redio atakuwa na ujuzi unaotafutwa darubini hiyo itakapoiva. Eksirei haina uhakika wa namna hiyo: Oktoba 2024 NASA ilibakiza mapendekezo mawili ya chombo cha dola bilioni 1 cha kurushwa 2032, AXIS ya eksirei na PRIMA ya infraredi ndefu, kwa masharti kwamba litajengwa moja tu. Hata wakubwa wanachagua kati ya mapazia haya mawili.

Sasa chagua

Mwenye miezi sita, bila msimamizi wa karibu: chukua infraredi, lakini kwa orodha iliyokwishatengenezwa. Orodha ya galaksi za COSMOS-Web, utafiti wa Webb kwenye COSMOS, iko wazi, ina vipimo vya mwanga vya mamia ya maelfu ya galaksi, na hutahitaji kugusa picha ghafi. Tafuta zenye kupanda ghafla kwenye mikroni 7.7, kisha uliza kila moja kama nyota peke yake zingeweza kuifanya vile.

Mwenye miaka miwili na anayependa takwimu: eksirei. Chukua mashimo yanayoshukiwa na Webb, nenda kwenye kila eneo ndani ya data za Chandra, pima, au usipoona kitu weka kikomo cha juu cha mwanga unaoweza kuwepo. Vikomo vya juu navyo ni matokeo. Ndivyo vilivyofungua mjadala wa nukta nyekundu.

Mwenye mpango wa shahada ya uzamivu, au anayetaka kazi barani: redio, na ujifunze programu ya CASA mapema, kwa sababu ndiyo inayotumika kwa VLA na ALMA pia. Hapo laptopu haitoshi, utahitaji seva ya chuo. Ulizia kabla ya kusaini chochote.

Lililobaki ni uwanja, na wengi hulisahau. Abell 2744 inakupa ukuzaji wa bure lakini eneo dogo, na hesabu ya lenzi juu. COSMOS ni pana, nzuri kwa majitu adimu kama COS-87259, ila kila sehemu yake ilipata muda mdogo wa Chandra. GOODS-South, kwenye anga ya kusini, ina sekunde milioni 7 za Chandra, sawa na siku 81 mfululizo, na juu yake Webb imeweka picha za MIRI na spektra za kina, VLA imepita na MeerKAT imepita. Kama hujui wapi pa kuanzia, pakua hiyo. Nukta moja ikikushangaza kwenye infraredi, majibu ya eksirei na redio yako tayari kwenye diski ile ile, na hutalazimika kumwomba mtu ruhusa ya kuyatazama.